Kokteli ya ndimu na shira ya tangawizi: uchungu unatoka wapi, na kwa nini shira imetoa povu?

“Habari za kazi, mtaalamu. Mdogo wangu anaolewa, na sherehe ya kumuaga tutaifanya nyumbani kwetu Kigamboni tukiwa na wageni kama ishirini. Nimeamua kuandaa mwenyewe kokteli ya ndimu kwa Konyagi, pamoja na shira ya tangawizi na mchaichai. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilikata ndimu vipande, nikazisaga kwenye blenda na maganda yake jioni, nikachuja na kuweka kwenye friji; kesho yake kinywaji kilikuwa kichungu, na kila nilipoongeza sukari kikawa kitamu na kichungu kwa pamoja. Mara ya pili nilikamua kwa mkono nikiwa uani mchana. Uchungu ulipungua, lakini baada ya siku mbili nikatokwa na mabaka ya kahawia kwenye vidole na mgongo wa kiganja, na mama anasema tangawizi imenikataa. Shira nayo niliichemsha nusu saa pamoja na maganda ya ndimu, nikaiacha kabatini, na siku ya sita imeanza kutoa povu. Rafiki yangu ananishauri niweke magadi kidogo ili kuondoa uchungu. Ninakosea wapi, na vipimo sahihi ni vipi? Baadhi ya wageni hawanywi pombe.”

Dada, hongereni kwa shughuli iliyo mbele yenu. Barua yako imebeba mambo manne: uchungu wa kinywaji, povu la shira, vipimo, na mabaka ya mikononi. Nitayajibu yote, lakini nitakaa zaidi kwenye uchungu, kwa sababu huo ndio unaowakatisha tamaa watu wengi wanaotengeneza kokteli za ndimu nyumbani, na ndio unaotibiwa kimakosa kwa kumwagiwa sukari.

Uchachu na uchungu havitoki mahali pamoja katika tunda. Uchachu wa ndimu huletwa na asidi, hasa asidi ya sitriki pamoja na asidi ya maliki, ambazo kwa jumla hufikia takriban asilimia 6 ya maji ya ndimu. Asidi hiyo sukari inaiweza: ukiongeza shira, uchachu hulainika na kinywaji hukaa sawa mdomoni. Uchungu, kwa upande wake, hutoka kwenye nyama nyeupe iliyo chini ya ganda la kijani, kwenye ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande vya ndani, na kwenye mbegu. Sehemu hizo zina kiasili, yaani kemikali ya mwanzo, ambacho, tunda likiwa zima, hakina ladha yoyote ya kukusumbua. Tunda likishakatwa na kusagwa, kiasili hicho hukutana na asidi na kugeuka taratibu kuwa limonini, kemikali chungu ambayo ulimi huitambua hata zikiwa chembe chache tu katika kila milioni. Mageuzi hayo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana mtu huonja maji ya ndimu jioni akayaona mazuri, akayaweka kwenye friji bila wasiwasi, kisha asubuhi akayakuta yamebadilika.

Sasa tazama ulichofanya mara ya kwanza. Visu vya blenda vilipasua nyama nyeupe, ngozi za ndani na mbegu kwa wakati mmoja, vikatoa pia mafuta makali ya ganda la nje, halafu mchanganyiko wote ukapewa usiku mzima wa kufanya kazi yake. Chujio halikuweza kukusaidia, kwa kuwa chujio huzuia makapi, na uchungu ulikuwa tayari umeyeyuka ndani ya maji. Hata hivyo nisingependa uondoke ukiamini kwamba blenda yenyewe ndiyo adui. Wabrazili wana sharubati yao mashuhuri ya ndimu zinazosagwa pamoja na maganda, pengine na maziwa ya kopo yenye sukari, na ni tamu kwelikweli. Siri yake ni kwamba husagwa kwa sekunde chache tu, ikachujwa na kunywewa papo hapo. Dawa, ile kokteli ya Nairobi iliyopata jina katika mkahawa wa Carnivore, nayo hupondwa vipande vya ndimu pamoja na maganda yake ndani ya bilauri, kwa kijiti kilichopakwa asali, na iliigwa kutoka kaipirinya, kokteli ya ndimu ya Brazili. Mnywaji wa Dawa huimaliza kabla limonini haijapata nafasi. Kwa hiyo ganda peke yake halikukuharibia kinywaji. Ganda na usiku kucha vilikuharibia.

Kuhusu sukari, ni kweli kwamba huufunika uchungu kwa kiasi, na ndiyo maana ukiongeza kijiko cha kwanza unahisi umepiga hatua. Lakini haiuondoi. Unapoendelea kuongeza unafika mahali ambapo utamu umekwisha kuzidi huku uchungu ukiwa bado nyuma ya ulimi, na hapo kinywaji hakirudi tena. Punje chache za chumvi husaidia zaidi kuliko kijiko kizima cha sukari, kwa kuwa chumvi hupunguza jinsi ulimi unavyohisi uchungu. Nazungumzia punje unazoweza kuzishika kwa ncha za vidole viwili katika jagi zima, ambazo mgeni hatatambua kuwa zimo. Ushauri wa magadi, kwa heshima zote kwa rafiki yako, usiufuate. Magadi hupambana na asidi, si na limonini. Yatakuondolea uchachu, yaani kile hasa ulichoifuata ndimu, yatatoa povu, yataacha ladha inayofanana na sabuni, na uchungu utabaki palepale.

Njia ya uhakika ni kuukinga uchungu usizaliwe. Osha ndimu kwa maji yanayotiririka, zibiringishe juu ya meza kwa kiganja mpaka zilainike, zikate katikati kwa upana, ondoa mbegu zinazoonekana, kisha ukamue kwa kikamulio au kwa mkono na uache pale maji yanapoanza kutoka kwa shida. Tone la mwisho linalopatikana kwa kuminya ganda mpaka likunjamane ndilo lenye uchungu mwingi, na halistahili nguvu unayoitumia. Chuja mara moja. Fanya kazi hii siku ileile ya sherehe, saa chache kabla ya wageni kufika. Wapo watengeneza kokteli wanaoapa kwamba maji ya ndimu yaliyokaa saa tatu au nne ni bora kuliko yaliyokamuliwa sasa hivi, kwa kuwa makali yake huwa yametulia kidogo, na wapo wasiokubali hata saa moja. Mimi naona tofauti hiyo ni ndogo na huna haja ya kuigombania. Tofauti kati ya saa nne na siku nzima, hiyo ni kubwa. Ikiwa huna budi kukamua mapema, yagandishe maji hayo kwenye vitrei vya barafu mara tu baada ya kuchuja, kwa sababu baridi kali huyasimamisha mageuzi hayo kwa kiasi kikubwa. Yatapoteza uchangamfu kidogo, lakini yatakuwa afadhali kuliko yaliyolala kwenye friji. Na kama siku moja utataka kutumia balungi, ujue kwamba lenyewe lina uchungu wa namna nyingine, wa naringini, ambao upo tangu mwanzo na hausubiri saa.

Tuje kwenye shira, ambayo ndiyo roho ya kinywaji chako. Shira ya kokteli ni ileile shira tunayoijua kwenye kaimati na visheti, isipokuwa ni nyepesi zaidi na haihitaji kupikwa mpaka ishikane. Maji ya kawaida, hata bila moto, huweza kuyeyusha karibu maradufu ya uzito wake wa sukari; moto unaharakisha tu. Kwa hiyo nusu saa ya kuchemka haikukuletea faida yoyote, na ilikuletea hasara tatu. Kwanza, maji yalipungua kwa mvuke, hivyo shira ikawa nzito na tamu kuliko ulivyopima, na hesabu zako zote za baadaye zikaenda kombo. Pili, harufu za mchaichai na za ganda la ndimu ziliondoka na mvuke huohuo: jiko zima lilinukia vizuri kwa sababu harufu ilikuwa inaikimbia sufuria. Tatu, maganda yenye nyama nyeupe yalichemshwa mpaka yakatoa uchungu wao wote ndani ya shira, na hii ndiyo sababu hata mara ya pili, ulipokamua kwa mkono, uchungu ulipungua bila kuisha.

Tangawizi na mchaichai havitaki moto wa namna moja. Tangawizi huvumilia. Ikiwa mbichi, ukali wake hutokana na jinjeroli. Ikichemshwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa zinjeroni, ambayo ni laini zaidi na ina harufu tamu inayokumbusha viungo vya keki. Mchaichai, kinyume chake, umejengwa juu ya sitrali, mafuta mepesi ambayo ndiyo yanayoufanya unukie kama limau, na mafuta hayo huruka upesi. Kwa sababu hiyo nakushauri upike hivi. Kata gramu 100 za tangawizi vipande vyembamba, uviweke kwenye sufuria na mililita 500 za maji, ufunike, na uache yatokote kwa moto mdogo dakika kumi. Zima moto. Chukua mashina manne ya mchaichai, sehemu ya chini iliyo nyeupe, uyaponde kwa mchi mpaka yapasuke na kunukia, uyatumbukize, ufunike tena na uache nusu saa. Chuja, kisha upime maji yaliyobaki. Ikiwa hayafiki mililita 400, ongeza maji ya moto mpaka yafike. Hapo ndipo utie gramu 400 za sukari na kukoroga mpaka iyeyuke yote. Kwa kuwa unapima maji baada ya kuchuja, shira yako itakuwa na uzito sawa wa maji na sukari kila utakapoipika, na kipimo cha leo kitakuwa kipimo cha mwezi ujao. Utapata takriban mililita 650.

Mizani ni bora kuliko kikombe. Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 200 na kidogo tu za sukari, kwa hiyo kikombe kwa kikombe hutoa shira nyepesi kidogo kuliko uzito kwa uzito. Si kosa kubwa, mradi kikombe ni kilekile siku zote. Sukari yetu ya kahawia, ile ya Kilombero au Mtibwa, itaifanya shira iwe na rangi ya asali na ladha nzito kidogo ya miwa, ambayo kwa maoni yangu inaipendeza tangawizi kuliko sukari nyeupe. Ukitaka kuongeza iliki, ponda punje tano au sita na uzitie pamoja na mchaichai. Karafuu uiogope: mafuta yake hutia ganzi ulimi, na tatu tu zinatosha sufuria nzima.

Harufu ya ganda unaweza kuipata bila uchungu wake, na bila moto. Kwa kimenyeo cha viazi, menya ngozi ya juu tu ya malimau au machungwa mawili, utepe mwembamba ambao ukiugeuza upande wa ndani karibu usione weupe. Changanya tepe hizo na sukari uliyokwisha kuipima, uzifinyange kwa vidole mpaka sukari ianze kulowa, ufunike na uache saa tatu au usiku mmoja. Sukari huvuta mafuta ya ganda na kuyashika, na ukiifunua bakuli utakuta imekuwa tope linalong’aa lenye harufu ya tunda lililochumwa sasa hivi. Tope hilo ndilo utakaloyeyusha kwenye maji ya tangawizi yakiwa bado na uvuguvugu, kisha uchuje tepe. Nimetaja limau na chungwa kwa makusudi, kwa kuwa ganda la ndimu ni jembamba na ni vigumu kulimenya bila kuingia kwenye weupe. Usidanganywe na rangi ya kijani ya machungwa ya Muheza. Yamekomaa, ila joto la usiku huku kwetu haliyaruhusu yageuke rangi ya njano, na ganda lake lina mafuta mengi mazuri.

Sasa povu. Watu wengi huamini kwamba kitu chenye sukari nyingi hakiharibiki, na kwa asali na sukari kavu imani hiyo ina ukweli, kwa sababu humo hakuna maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia. Shira ya uzito sawa ina maji ya kutosha kabisa. Hamira za mwituni, ambazo zimo hewani na juu ya maganda na mizizi, zimeingia kwenye chupa yako, zikala sukari, na zinatoa gesi pamoja na pombe kidogo. Imwage. Ukiichemsha upya utaziua hamira, lakini ladha ya kuchacha itabaki. Kabla ya kuimwaga, fungua kifuniko polepole ukiwa umekielekezea mbali na uso, kwani chupa ya kioo iliyofungwa sana inaweza kupasuka kwa nguvu ya gesi hiyo. Shira mpya itie kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, iache ipoe, kisha iingie kwenye friji. Iliyotengenezwa kwa mimea mibichi naipa wiki moja, mbili zikizidi sana, na uonapo ukungu, utelezi au povu usijaribu kuokoa sehemu iliyobaki. Ukitaka idumu zaidi, tumia sukari maradufu ya maji, gramu 800 kwa mililita 400; ila hiyo ni tamu zaidi, na pale ninaposema mililita 20 wewe utatia 14. Kama umeme kwenu hukatika mara kwa mara, igandishe. Haitakuwa ngumu kama barafu ya maji, itabaki laini ya kuchoteka kwa kijiko, jambo ambalo kwa kweli ni la manufaa.

Vipimo vya kuanzia kwa bilauri moja ni mililita 50 za Konyagi, mililita 20 za maji ya ndimu na mililita 20 za shira ya uzito sawa. Nasema vya kuanzia kwa sababu ndimu hazilingani. Za msimu wa mvua na za kiangazi zinaweza kupishana kwa uchachu na kwa wingi wa maji. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba baridi hupunguza utamu ulimini kuliko inavyopunguza uchachu. Kinywaji unachokionja kikiwa vuguvugu jikoni na kukiona sawa, kikitiwa barafu huonekana kimepungua sukari. Kwa hiyo hukumu iahirishe mpaka kipoe. Tikisa bilauri moja ya majaribio pamoja na barafu nyingi kwenye kopo la chuma lenye kifuniko kisichovuja, kwa nguvu, sekunde 12 hadi 15, mpaka kopo lifanye ukungu na kuuma vidole kwa baridi, umimine kwa kuchuja, ndipo uonje. Barafu hapo inafanya kazi mbili, kupoza na kuongeza maji, na maji hayo ni sehemu ya kokteli kama ilivyo ndimu. Asiyetikisa vya kutosha hupata kinywaji kikali kinachochoma koo, halafu akaikimbilia tena sukari.

Kwa wageni ishirini huwezi kutikisa bilauri moja moja bila kukosa sherehe ya mdogo wako. Siku moja kabla, changanya lita moja ya Konyagi na mililita 400 za shira, uweke kwenye friji. Mchanganyiko huo hauharibiki kwa siku moja. Siku yenyewe, saa moja kabla ya kupokea wageni, ongeza mililita 400 za maji ya ndimu na mililita 500 za maji baridi yaliyo salama kunywa, ambayo yanachukua nafasi ya barafu inayoyeyuka wakati wa kutikisa. Onja, rekebisha kwa kijiko, na barafu iingie wakati wa kumimina tu. Ndimu ndogo za sokoni hutoa takriban kijiko kimoja cha mezani cha maji kila moja, kwa hiyo nunua 30 au 35 ili usihangaike. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Pombe iliyo katika kokteli haitoshi kuua vijidudu vya maji machafu.

Jagi la wasiokunywa pombe liandae kwa moyo uleule, wala lisiwe mabaki ya lile la kwanza. Ukiondoa pombe, kinywaji hupoteza uzito wake mdomoni na kubaki kama maji ya ndimu ya kawaida. Chai ya rangi iliyokolea na kupoa huziba pengo hilo vizuri, kwa kuwa ukakasi wake hushika ulimi: mililita 20 za ndimu, 25 za shira, 50 za chai na soda ya maji mpaka ijae. Weka majagi hayo mbalimbali, yaandike majina, na kila moja liwe na bilauri za aina yake, maana kwa macho yatafanana kabisa.

Kuhusu pombe yenyewe nitasema machache, ila nayasema kwa uzito. Konyagi ina asilimia 35 ya pombe, hivyo bilauri moja ya vipimo hivi ina pombe inayozidi kidogo ile ya bia ya mililita 330 yenye asilimia 5, na shira ya tangawizi huificha vizuri mno. Mgeni anayeendesha gari, mjamzito, na anayetumia dawa kama metronidazoli au dawa za kisukari apewe jagi la pili bila kuulizwaulizwa mbele za watu. Mwenye shaka kuhusu dawa zake amuulize mfamasia. Nunua chupa zenye stempu ya kodi, zisizofunguliwa, kutoka duka unalolijua, na usikubali pombe kali ya bei rahisi iliyomiminwa kwenye chupa nyingine. Methanoli haitofautishwi kwa harufu wala kwa kuiwasha moto, na mwaka 2000 jijini Nairobi iliua zaidi ya watu 100. Dalili zake zinaweza kuchelewa nusu siku au zaidi: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kuona ukungu machoni. Mwenye dalili hizo baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asiachwe alale akidhaniwa ana uchovu wa pombe, kwa sababu matibabu yapo na kila saa ina thamani kwa macho yake na kwa uhai wake.

Nimalizie na mikono yako. Kwa maelezo uliyoyatoa, tangawizi sidhani kama ina hatia. Ganda la ndimu na maji yake yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikiwa juu ya ngozi na zikapigwa na mionzi ya jua huiunguza ngozi kutoka ndani. Si mzio, na humpata mtu yeyote. Hauhisi kitu wakati unakamua. Wekundu hutokea baada ya siku moja hivi, wakati mwingine na malengelenge, na hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha hubaki mabaka ya kahawia yanayofuata mahali maji yalipotiririkia. Wewe ulikamua uani mchana, na mabaka yakaja baada ya siku mbili. Hadithi yako na hiyo zinafanana sana. Safari ijayo kamua ndani, na uoshe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kutoka nje. Mabaka uliyonayo yataondoka yenyewe kwa wiki kadhaa au miezi, mradi uyafunike yasipigwe na jua. Tafadhali usiyapake mkorogo wala krimu za kung’arisha, kwa kuwa zitaumiza ngozi ambayo tayari imeungua, na usiyasugue kwa ndimu.

Ikiwa kuna malengelenge makubwa, maumivu yanayozidi, usaha au homa, au kama maji hayo yalimfikia mtoto au yakarukia karibu na macho, nenda kituo cha afya ukaonwe. Mabaka yasiyopungua baada ya miezi michache, au yanayotokea hata pale ambapo hukugusa ndimu, yaonwe na daktari wa ngozi, kwa sababu hapo nami nitakuwa nimekisia vibaya kwa kutoyaona kwa macho. Utakapomwona daktari, mweleze mwenyewe kwamba ulikamua ndimu juani na siku uliyofanya hivyo, hata asipouliza. Bila habari hiyo ni rahisi mabaka hayo kudhaniwa kuwa mzio au kuungua kwa maji ya moto, ukapewa dawa usiyoihitaji.